Kufua shoka-kiko: tomahoki inayokata kuni na kuvuta tumbaku

Kuna chombo kimoja cha Amerika Kaskazini ambacho kila mhunzi akikishika mara ya kwanza hukigeuzageuza mkononi akiitafuta siri yake. Mbele ni shoka dogo lenye makali. Nyuma, kwenye kisogo, pana bori la kiko, yaani kikombe cha kutilia tumbaku. Mpini una njia nyembamba inayopita ndani yake toka kichwani hadi mwisho, na hapo mwisho ndipo mvutaji anapoweka mdomo. Ukilishika shoka mlalo, makali yakitazama chini, bori linatazama juu, tayari kutiwa tumbaku. Hiyo ndiyo tomahoki ya kiko. Humu nitaiita shoka-kiko, maana jina hilo linaeleza lenyewe.

Neno tomahoki asili yake ni lugha ya Wapowhatan wa Virginia. Shoka-kiko lenyewe ni mtoto wa karne ya 18, na wazazi wake ni wawili. Kiko na adabu zake za barazani ni mali ya wenyeji wa bara lile, waliokuwa wakivuta pamoja kabla ya kuzungumza mambo mazito. Chuma kilikuja na Wazungu. Wahunzi wa makoloni na viwanda vya Uingereza walivifua vichwa, na Wahaudenosaunee, Washawnee, Walenape, Wacherokee na wengine wakavipata kwa biashara au kama zawadi za mikataba, wakavipamba kwa mikono yao. Aliyelishika alikuwa na vita upande mmoja na suluhu upande wa pili. Miaka ya 1790 George Washington alimpa Cornplanter, kiongozi wa Waseneca, shoka-kiko moja. Liliibwa katika jumba la makumbusho la jimbo la New York mwishoni mwa miaka ya 1940, na likarudishwa 2018.

Nayasema haya mapema kwa sababu anayelifua anapaswa kujua anachokigusa. Marekani ina sheria ya mwaka 1990 inayokataza kuuza kazi ya sanaa kwa kudai au kudokeza kwamba imetengenezwa na wenyeji wa asili wakati sivyo. Ukiuza shoka lako, sema wazi kwamba limefuliwa na wewe. Manyoya ya tai usiyaguse kabisa; yana sheria yake tangu 1940. Mpini mzuri hauhitaji manyoya.

Mimi mvukuto niliujua utotoni, Singida, nikimvukutia mjomba aliyekuwa akigeuza springi za malori kuwa majembe. Shoka-kiko nimejifunza ukubwani, Pennsylvania, kwa mzee aliyenipa kona ya karakana yake. Siku ya kwanza hakunionyesha nyundo wala moto. Alinipa mpini mkuukuu akaniambia nivute hewa. Nilivuta, ikapita laini kama ninapumua tu. Akasema kazi yote ya chombo hiki iko pale, na mengine ni shoka la kawaida. Baada ya miaka nakubaliana naye, kwa hiyo mwongozo huu utakaa sana kwenye njia ya moshi na kupita upesi kwenye mengine.

Malighafi na zana

Mafundi wa zamani walikuwa na njia kadhaa. Wengine walikunja ubapa wa chuma ukawa kitanzi cha mpini, wakaziunganisha ncha zake motoni pamoja na kipande cha pua, yaani chuma kigumu, ili kipate makali, halafu wakaweka bori nyuma. Wengine walichukua kipande cha mtutu wa bunduki kuukuu, wakaponda upande mmoja ukawa shoka na upande wa pili wakauacha na tundu lake, ukawa bori. Njia zote hizo ni nzuri, lakini za kuunga kwa moto zinataka mkono uliozoea.

Kwa anayeanza, naipendekeza njia ya nyundo. Tafuta nyundo kuukuu ya mekanika, ile yenye uso bapa upande mmoja na tufe upande wa pili, yenye kichwa cha gramu 900 hivi. Angalia kichwa chake: tufe litakuwa bori, shingo iko tayari, tundu la mpini liko tayari, na uso bapa una chuma cha kutosha kufua shoka zima. Pia ni chuma cha pua tayari, kwa hiyo makali yatakaa bila kuungwa kitu. Usichukue nyundo iliyopakwa kromu au zinki. Moshi wa zinki ikiungua humlaza mtu kwa homa, na bori ni mahali ambapo mtu atavuta pumzi. Rangi yoyote iondoe kwa msasa kabla ya moto.

Zana ni zile za kila karakana: tanuri la mkaa au gesi, fuawe, koleo linaloshika kichwa bila kuteleza, nyundo ya kilo moja na robo, jiliwa, tupa bapa na tupa ya duara, keekee ya kusimama na ya mkono, na sumaku. Ongeza biti moja ndefu ya milimita 6, yenye urefu wa sentimita 60, ile wanayotumia mafundi umeme kupitisha waya kwenye kuta. Utahitaji pia kipanulio: chuma kigumu chenye umbo la yai, kinachopungua taratibu, upande mnene milimita 30 kwa 20. Vaa miwani, na tanuri la mkaa usiliwashe kwenye chumba kilichofungwa. Hewa yake inaua kimya.

Kulainisha na kupanua tundu

Washa moto, kipashe kichwa chote hadi kiwe chekundu cha kuiva, kisha kifukie kwenye majivu makavu usiku kucha. Asubuhi tupa itakila bila kuteleza. Hatua hii usiiruke. Uso wa nyundo umekazwa kiwandani, na ukiuanza hivyo hivyo utakuvunjia biti.

Kirudishe motoni hadi rangi ya chungwa, kiweke juu ya tundu la fuawe, na upige kipanulio kikiingia kwa upande wa juu wa shoka. Piga mara tatu nne, kitoe, kichovye kipanulio majini, rudia. Kikikaa humo muda mrefu kitalainika na kunasa. Kila joto moja linakupa milimita mbili tatu tu, kwa hiyo vumilia. Lengo ni tundu lililo pana juu kuliko chini, maana mpini utaingia kwa juu na kushuka, kama sururu. Shoka la kawaida hukazwa kwa kabari iliyopigwa kichwani mwa mpini. Kabari hapa itapasua mpini katikati, mahali pale pale njia ya moshi inapopita. Sururu haina kabari, na kadiri unavyoitumia ndivyo inavyozidi kujikaza.

Kufua ubapa

Sasa geukia uso bapa. Joto liwe kati ya chungwa na njano. Tumia upande mwembamba wa nyundo yako kwanza, ukipiga kwa mistari ili chuma kiende unakotaka: mistari inayokata urefu wa shoka hurefusha, mistari inayofuata urefu hupanua. Kisha lainisha kwa uso bapa. Mimi naurefusha ubapa hadi sentimita 9 kutoka kwenye tundu, na mdomo wa makali naupanua hadi sentimita 6 au 7. Unene kwenye makali uwe milimita 2, usipungue, vinginevyo utapinda ukichovywa. Chuma kikirudi kuwa chekundu cha giza, acha kupiga, kirudishe motoni. Anayepiga chuma kilichopoa anajitengenezea nyufa ambazo ataziona siku ya mwisho.

Kila baada ya joto mbili, lishike shoka mbele ya jicho moja na ulitazame kwa mstari: makali, katikati ya tundu, na tufe. Vitatu hivi viwe kwenye mstari mmoja. Vikipishana, bori litakaa upande na tumbaku itamwagika.

Tufe nalo lifue sasa, kwa mapigo mepesi huku ukilizungusha, hadi liwe kama pipa dogo lenye kipenyo cha milimita 24 na urefu wa sentimita 3 na kitu. Shingo yake usiipunguze chini ya milimita 12, maana itapitiwa na tundu. Kisha pasha kichwa chote kuwa chekundu na kiache kipoe hewani, mara tatu mfululizo. Hiyo hutuliza chuma kilichosumbuliwa na nyundo.

Bori

Funga kichwa kwenye jiliwa ya keekee, bori likitazama juu, wima kabisa. Tia alama katikati kwa senta, yaani chuma chenye ncha kali cha kutia alama. Biti ya kwanza ni ya milimita 4, na hiyo inashuka moja kwa moja: kupitia bori, kupitia shingo, hadi itokeze ndani ya tundu la mpini. Nenda polepole, tia mafuta, itoe biti kila mara kuondoa vumbi la chuma. Ikishatokea, badili kwa biti ya milimita 8, halafu 12, halafu 15, lakini hizi zisimame kwenye kina cha milimita 22. Mwisho wa biti huacha kitako chenye umbo la faneli, na ndicho unachotaka, maana tumbaku huungua hadi chini bila kuacha mabaki pembeni. Kuta zitabaki na milimita 4 na nusu. Ni nene, na ni vizuri, kwa sababu bori la chuma hupata moto kuliko la udongo.

Yapo mashoka ya zamani yenye bori la shaba ya manjano au pete za pyuta, aloi laini ya bati. Yanapendeza sana. Ila shaba ya manjano mara nyingi ina madini ya risasi kidogo, ambayo ni sumu, na pyuta ya zamani ilikuwa na risasi nyingi. Kwenye bori na mahali pa mdomo mimi situmii chochote kati ya hivyo. Ukitaka pete za urembo katikati ya mpini, nunua pyuta isiyo na risasi.

Sasa ndio wakati wa tupa. Yatengeneze maungo yote mpaka yakuridhishe, chonga mdomo wa bori uwe na ukingo mdogo, lainisha kona za tundu la mpini zisikate mbao. Wafuaji wa eneo la mto Missouri walikuwa wakitoboa umbo la moyo kwenye ubapa. Ukitaka urembo huo, ufanye hapa kabla chuma hakijakazwa.

Kukaza makali

Pasha ubapa tu, sentimita 4 za mwisho, ukiacha tundu na bori nje ya kiini cha moto. Gusisha sumaku mara kwa mara. Sumaku ikikataa kushika, subiri kidogo rangi iongezeke nywele moja, kisha chovya makali kwenye mafuta ya kupikia yaliyopashwa hadi nyuzi 50 au 60. Chovya wima, usikoroge kushoto kulia, maana hapo ndipo ubapa unapopinda. Ukitoka, pitisha tupa kuukuu: ikiteleza kama juu ya kioo, umefaulu. Ikiuma, rudia.

Chuma katika hali hiyo ni kigumu lakini kinavunjika. Kisugue king'ae na ukiweke kwenye oveni ya nyuzi 220 kwa saa mbili, kipoe, kisha mara ya pili. Kitatoka na rangi ya majani makavu inayoelekea asali. Kikiwa cha bluu, umepitiliza na makali yatalala kwenye ukuni wa kwanza.

Mpini

Hapa ndipo wengi tunapoumia. Mpini wangu wa kwanza niliuchonga vizuri, nikausugua ukang'aa, nikautia nta, halafu nikaanza kuutoboa. Biti ilitembea na nyuzi za mti na kutokea ubavuni, sentimita 15 kutoka mwisho. Siku tatu za kazi zikawa kuni. Tangu siku hiyo ninatoboa kwanza, halafu ninachonga nje kufuata tundu.

Mti unaopendwa huko ni ashi, hikori, mepo au cheri. Ashi ndio mwema kwa kazi hii: nyuzi zake zimenyooka, na matawi yake machanga yana kiini laini katikati. Wenyeji walikuwa wakikichoma kiini hicho kwa waya uliowekwa motoni hadi uwe mwekundu, ukapita tawi zima. Njia hiyo inafanya kazi hadi leo ukipata tawi lililonyooka na lililokauka. Shida ni kupata tawi nene la kutosha kujaza tundu la shoka.

Mimi natumia gogo la mraba la milimita 38, urefu wa sentimita 52, lililokauka vizuri, nyuzi zikienda moja kwa moja toka mwisho hadi mwisho. Tazama ubavuni: nyuzi zikikimbilia nje, litupe. Pima katikati ya ncha zote mbili na utie alama. Lifunge gogo mlalo kwenye jiliwa, weka kipande cha ubao chenye tundu la milimita 6 mbele yake kiwe mwongozo wa biti, na uombe mtu asimame pembeni akuambie kama keekee imeinuka au imeinama. Biti ianze kwa mwendo wa taratibu. Kila sentimita 2, itoe yote, ipangusie vumbi, irudishe. Vumbi likijaa biti huwaka, na ikiwaka hutafuta njia yake yenyewe. Toboa hadi katikati kutoka upande mmoja, geuza gogo, toboa kutoka upande wa pili hadi zikutane. Zikikosana kwa milimita moja, sukuma waya mwekundu wa moto mara mbili na zitakutana.

Puliza. Hewa ikipita bila kelele, chora mistari minne kwenye nyuso za gogo ukipima kutoka kwenye tundu halisi pande zote mbili, na usirudi tena kwenye alama zako za mwanzo. Sasa chonga. Kichwani acha umbo la yai la milimita 30 kwa 20, na ushuke taratibu hadi milimita 15 penye mdomo. Kwa kuwa mpini unapita kwenye tundu kwa juu, hakuna mahali chini ya kichwa panaporuhusiwa kuwa pana kuliko tundu.

Kuukalisha mpini kwenye tundu ni kazi ya masizi. Paka masizi ya mshumaa ndani ya tundu, ingiza mpini, toa, kwangua palipotiwa weusi. Rudia mara kumi au ishirini, mpaka weusi uonekane kote sawasawa. Hapo mti umelala kwenye chuma kila mahali na hewa haina pa kupenya. Mpini uchomoze juu ya shoka sentimita moja.

Ukishakaa, geuza shoka kichwa kiwe chini, gongesha ncha ya mpini iliyochomoza kwenye ubao mara chache, kichwa kijikaze. Kisha rudi na biti ya milimita 4, ishushe kupitia bori na shingo, na utoboe ukuta wa mpini hadi kwenye njia ya moshi. Chuma chenyewe kinaiongoza biti, kwa hiyo matundu mawili hayawezi kukosana. Nimeona watu wakilipima tundu hili kwa rula na kulitoboa kando, kisha wakalalamika kiko hakivuti.

Kilichobaki ni kuziba juu. Chonga kizibo cha pembe ya kulungu au cha mti ule ule, chenye kupungua kidogo, kisizidi sentimita 2. Ukipima, tundu la moshi liko sentimita 2 na nusu kutoka kileleni, na kizibo kirefu kitalifunika. Usikigundishe, kwa sababu siku ya kusafisha utahitaji kukitoa.

Kujaribu

Ziba bori kwa kidole gumba, weka mdomo kwenye mpini, vuta, halafu gusisha ulimi kwenye tundu. Ulimi ukikamatwa na kubaki umenaswa hadi uhesabu tano, kiko kimeziba vyema. Ukiachia mara moja, sikiliza: penye uvujaji pana mluzi mdogo. Ukitoka kwenye kizibo, kichonge upya. Ukitoka kwenye tundu la shoka, zungushia kipande cha ngozi laini iliyoloweshwa, pigia kichwa tena, na uache ikauke humo.

Kumalizia

Rangi ya mpini naipata kwa siki iliyolowekwa chuma kwa siku chache. Ashi ikipakwa hubadilika kuwa ya kijivu cha moshi, na mepo huchukua rangi yake ya uzee. Ikikauka, paka mafuta ya kitani tabaka jembamba mara tatu, siku moja moja kati yake, kisha nta ya nyuki. Nje tu. Ndani ya njia ya moshi na ndani ya bori pabaki mbao tupu na chuma kitupu, bila mafuta, vanishi wala gundi. Matambara ya mafuta ya kitani yatandaze nje yakauke, usiyakusanye kwenye ndoo. Yanaweza kuwaka yenyewe.

Makali yanoe mwisho kabisa, kwa jiwe na maji. Kabla ya kunoa mengi ya kushikashika yamekwisha na vidole vyako viko salama.

Tumbaku ina madhara yake na yanajulikana. Wenyeji wengi wa misitu ya mashariki walikuwa wakivuta mchanganyiko wa majani ya mmea uitwao sumaki na gamba la ndani la miti fulani, pamoja na tumbaku kidogo au bila hiyo kabisa. Wateja wangu walio wengi wanalitundika ukutani. Hata hivyo ninalijaribu kila moja, maana shoka-kiko lisilovuta ni shoka lenye shimo.

Kwa mvuto wa kwanza, jaza bori nusu tu na vuta kwa pumzi fupi, ukilishika kwenye mpini, mbali na chuma. Likipoa kabisa, toa kizibo, pitisha waya uliofungwa pamba iliyoloweshwa kwa pombe kali, kutoka mdomoni hadi kichwani, mpaka pamba itoke nyeupe. Lihifadhi likiwa limelazwa, na kizibo kikiwa nje hadi asubuhi, mbao ndani zipate kukauka.